Vitufe vinavyopasukia mdomoni: njia ya kawaida au ya kinyume?

Mgahawa wa elBulli, Hispania, ndio uliovipa umaarufu vitufe hivi: matone ya juisi au kimiminika kingine yaliyofungwa ndani ya utando wa jeli.

Kwa njia ya kawaida, saga gramu 5 za alginati ya sodiamu (unga wa mwani unaoganda ukikutana na kalsiamu) kwenye lita moja ya juisi, uiache kwenye friji usiku kucha mapovu yatoke, kisha idondoshe kwenye maji yenye kloridi ya kalsiamu, gramu 5 hadi 10 kwa lita. Dakika moja yatosha. Suuza, maana kloridi ni chungu. Utando hutoka mwembamba, mtamu kuutafuna. Tatizo ni kwamba kalsiamu huendelea kupenya, na mhudumu akichelewa mgeni hula jeli tupu. Juisi kali kama ya limau hugoma kabisa mpaka ipunguzwe ukali kwa sitrati ya sodiamu, chumvi inayopunguza asidi.

Njia ya kinyume huweka kalsiamu (laktati ya kalsiamu, gramu 20 kwa lita) ndani ya kimiminika, na alginati kwenye maji ya beseni. Utando hukua kuelekea nje, kwa hiyo ndani hubaki majimaji kwa saa kadhaa. Maziwa na pombe hazisumbui. Kimiminika chepesi hutawanyika juu ya beseni. Kwa hiyo kigandishe kwanza kiwe barafu kwenye vibati vya nusu duara. Maji ya bomba yenye chumvichumvi huharibu mchanganyiko wa beseni, tumia yaliyokenekwa.

Kwa meza ya wageni thelathini, kinyume bila kusita.