Costco kwa nyumba ya watu wengi: nini kinalipa, nini kinakula hela

Costco ni maduka makubwa ya bei ya jumla ambayo huingii bila kadi ya uanachama. Ada kwanza. Nchini Marekani kadi ya kawaida ya Costco ni dola 65 kwa mwaka, na kadi ya Executive ni dola 130. Bei hizo zilianza Septemba 2024. Kadi kubwa hukurudishia asilimia 2 ya manunuzi, mwisho dola 1,250 kwa mwaka. Tofauti ya ada ni dola 65, kwa hiyo ili hiyo asilimia 2 iifidie lazima ununue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka, yaani takriban dola 271 kila mwezi. Petroli ya pampu zao haihesabiwi humo. Nyumba ya watu wanane inayopika mara mbili kwa siku hufika hapo bila kujitahidi. Mtu na mkewe hawafiki, na kadi ndogo inawatosha. Kila mwenye kadi hupewa kadi ya pili bure kwa mtu mmoja wa anwani ileile, na anaweza kuingia na wageni wawili, ila anayelipa ni mwenye kadi. Kadi ina picha na mlangoni inapitishwa kwenye mashine, basi ile desturi ya kuazima kadi ya binamu imekwisha. Ukiona baada ya miezi michache kwamba haikufai, unaweza kuifuta ukarudishiwa ada yote. Hilo ni sharti lao lenyewe, usione haya kulidai.

Duka lina bidhaa chini ya 4,000, wakati supamaketi ya kawaida huwa na 30,000 na zaidi. Hapo ndipo bei inaposhuka: aina moja au mbili za kila kitu, zinashushwa kwenye lori zikiwa juu ya majukwaa ya mbao na kuuzwa hapohapo juu yake. Chapa yao wenyewe, Kirkland Signature, ilianza 1995 na imepewa jina la Kirkland, mji wa jimbo la Washington walikokuwa na makao makuu. Kwa chakula, chapa hiyo ndiyo ya kutazama kwanza. Mafuta, siagi, karanga, asali na kuku wake huwa wazuri kuliko bei yake inavyoonyesha.

Sasa simama mbele ya lebo ya rafu, kwa kuwa makosa mengi hufanyika pale. Namba kubwa ni bei ya furushi zima, nayo haikuambii chochote. Tafuta namba ndogo pembeni: bei kwa paundi, kwa aunsi au kwa kipande. Mtego ni kwamba bidhaa mbili zilizopangwa jirani zinaweza kuandikwa moja kwa aunsi na nyingine kwa paundi. Paundi moja ni aunsi 16, au gramu 454. Senti 25 kwa aunsi zinasikika kidogo, lakini ni dola 4 kwa paundi. Weka kwenye simu orodha fupi ya vitu kumi unavyonunua kila mwezi, na bei ya kila kimoja kwa paundi katika duka la kawaida la mtaani kwako. Bila orodha hiyo ukubwa wa furushi utakudanganya, maana kitu kikubwa huonekana rahisi hata kama si rahisi. Vitu vya kopo, nafaka za asubuhi na soda mara nyingi hupatikana kwa bei ileile au chini yake kwenye supamaketi wiki ya punguzo. Wateja wazoefu husoma pia alama mbili: bei inayoishia na .97 huwa ni bidhaa inayoondolewa, na nyota ndogo kwenye kona ya juu ya lebo huashiria kwamba haitaagizwa tena. Kama ndiyo viungo unavyovitegemea, chukua vya miezi miwili. Na bei ikishuka ndani ya siku 30 tangu ununue, nenda kaunta ya huduma, watakurudishia tofauti.

Mchele ni mahali ambapo Costco inashinda waziwazi. Basmati huja kwenye kiroba cha paundi 20, yaani kilo 9, na mchele wa jasmine kwenye kiroba cha paundi 25. Kwa pilau na biriani chukua basmati. Jasmine unanata, unafaa wali wa nazi wa kila siku, na ukiutia kwenye pilau utapata bokoboko. Tatizo la kiroba ni fukusi. Mayai yake huwa yamo ndani ya punje tangu ghalani na huanguliwa nyumba ikiwa na joto. Dawa ni friza: laza kiroba kizima kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Ukikitoa usikifungue. Kiache sakafuni hadi kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda kwenye punje na mchele utaota ukungu. Halafu mimina kwenye ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko wa kubana. Ndoo ya galoni 5 inakimeza kiroba cha paundi 20 na nafasi inabaki.

Unga mweupe wa ngano nao unalipa kwa wapika chapati na maandazi. Unga wa ngano nzima usiununue kwa wingi, labda uwe na nafasi ya friza. Kiini cha ngano kina mafuta yanayochacha, na chapati zitatoa harufu ya rangi ya zamani. Karanga na korosho hali ni hiyohiyo. Viungo vya unga kwenye makopo makubwa viache kabisa. Bizari ya pilau, iliki na mdalasini hupoteza harufu kabla nyumba moja haijamaliza kopo, na utajikuta unaongeza vijiko bila ladha. Nunua mbegu nzima kwenye duka la Kihindi.

Ugali ndio pengo. Kwa kawaida Costco haina unga wa sembe wa kwetu, na hapa watu wageni hufanya kosa moja kubwa: wanachukua unga wa mahindi wa Kimeksiko wa kutengenezea tortila. Unga huo umetokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Ugali wake hutoa harufu ya tortila, unanata mkononi na haushiki tonge sawasawa. Soma mfuko: ukiona neno masa au chokaa kwenye viambato, rudisha. Sembe itafute kwenye duka la Waafrika.

Mafuta ya kupikia ya chupa kubwa yana faida kwa anayekaanga kila wiki. Kwa asiyekaanga, yatakaa wazi karibu na jiko hadi yachache. Yaweke kabatini gizani na umimine ya siku chache kwenye chupa ndogo.

Kuku na nyama, hapa ndipo pesa ilipo, na ndipo inapopotea. Mapaja na vidari vya kuku vya Kirkland huja katika vifuko sita vilivyoungana, kila kimoja kimefungwa peke yake kwa plastiki nzito. Usivichane dukani wala usivipakie upya. Vitenganishe kwenye mstari wa matobo, andika tarehe kwa kalamu isiyofutika, vilaze bapa kwenye friza. Kifuko kimoja kinatosha mchuzi wa jioni moja. Kuku mbichi kwenye friji hukaa siku moja au mbili tu, kwa hiyo asiyepikwa kesho aingie friza leo. Vipande vya kuku huhifadhiwa vizuri kwenye friza hadi miezi tisa, nyama ya kusaga mitatu hadi minne. Ng'ombe wa vipande vikubwa anakuja kwenye trei moja pana. Mkatekate nyumbani siku hiyohiyo, gawa paundi mbilimbili kwenye mifuko ya zipu, toa hewa kwa mkono, bapaza iwe na unene wa kama vidole viwili. Furushi nene linaganda taratibu katikati, linapoyeyuka linamwaga maji na nyama inakuwa kavu kama kamba. Kwa mchuzi na pilau chukua nyama ya bega, yenye mistari ya mafuta ndani. Nyama isiyo na mafuta hata kidogo hukauka kwenye sufuria kabla viazi havijaiva.

Jambo moja la usalama ambalo wengi hawalisomi: steki nyingi za ng'ombe pale zimechomwachomwa kwa visu vyembamba ili zilainike, na lebo husema hivyo kwa maandishi madogo, blade tenderized. Visu husukuma bakteria wa juu kuingia katikati ya nyama. Steki ya namna hiyo haifai kuliwa ikiwa na damu ndani. Lebo huelekeza ipikwe hadi nyuzi 160 za Farenhaiti, sawa na 71 za Selsiasi. Mishikaki ya vipande vidogo iliyoiva barabara haina shida, hatari iko kwa vijana wanaochoma steki nzima na kuila nusu mbichi. Nunua kipimajoto cha nyama.

Kuku wa kuokwa wa dola 4.99 anastahili sifa yake. Ana angalau paundi tatu, na mara nyingi ni rahisi kuliko kuku mbichi wa uzito huo. Amewekwa nyuma kabisa ya duka ili upite kila kishawishi ukimfuata. Ametiwa maji ya chumvi, basi ukimtia kwenye mchuzi usiongeze chumvi mpaka uonje mwisho. Mchambue angali vuguvugu, aingie friji kabla ya saa mbili kupita, na umalize ndani ya siku tatu au nne. Mifupa chemsha na tangawizi na kitunguu kwa saa mbili, utapata supu ya sufuria nzima. Wanaotumia kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, wajue: inapokelewa kwa vyakula, lakini kwa kawaida hailipii chakula cha moto kama kuku huyu, wala ada ya uanachama.

Mboga za majani huharibika zaidi ya kitu kingine chochote. Mfuko mkubwa wa mchicha unaanza kuteleza siku ya nne. Mfuko wa vitunguu wa paundi 10 ni mzuri, ila usiuweke jirani na viazi: vikikaa pamoja viazi huchipua na vitunguu huoza. Mayai 60 ni ya nyumba inayooka keki.

Malipo: kwa kadi ya mkopo wanapokea Visa tu katika maduka ya Marekani. Mastercard ya mkopo itakataliwa mbele ya foleni, toroli ikiwa imejaa. Kadi za benki za kawaida na fedha taslimu zinapita. Mifuko hawatoi, beba yako au chukua maboksi matupu karibu na kaunta. Mlangoni risiti inakaguliwa. Hiyo kazi si ya kukushuku tu, kwani mara nyingine mkaguzi hugundua kwamba umetozwa kitu mara mbili. Kuagiza kwa simu uletewe nyumbani siku hiyohiyo kunawezekana, lakini bei za vitu hupandishwa, na faida ya kadi huishia humo. Chakula kibovu rudisha. Manunuzi yako yamo kwenye kadi, hata risiti ikipotea.

Sam's Club, duka la wanachama la namna hiyohiyo la kampuni ya Walmart, ada yake ya kawaida ni dola 50, inapokea kadi za aina zote, na programu yake ya simu hukuruhusu kupiga skani vitu mwenyewe ukaepuka foleni. Kama iko karibu zaidi na nyumbani, umbali una thamani kuliko dola 15. Hata hivyo kwa ubora wa nyama mbichi ningechagua Costco.

Kwa Waislamu, kondoo wa Australia anayeuzwa pale mara nyingi ana muhuri wa halali. Tazama lebo ya furushi lenyewe mkononi mwako, usikubali neno la mdomo, maana shehena hubadilika. Maini, matumbo na mifupa ya supu endelea kuvinunua buchani.

Na kwa harusi, maulidi au arobaini, tafuta Costco Business Center, tawi la Costco linalolenga wafanyabiashara. Si kila mji unayo, lakini kadi yako ileile inafanya kazi. Nyingi hufunguliwa saa moja asubuhi na hufungwa Jumapili. Humo kuna mbuzi na kondoo wazima wanaouzwa kwa paundi, masufuria ya hoteli, na madumu ya mafuta ya paundi 35. Mbuzi aliyeganda hamkati kwa kisu cha jikoni, mtavunja kisu au kidole. Mnahitaji msumeno wa mifupa, au makubaliano ya mapema na muuza nyama mwenye mashine, na wengi hukataa nyama iliyotoka duka jingine, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua. Kuyeyusha kwenye friji huchukua takriban siku moja kwa kila paundi nne au tano. Mbuzi wa paundi 25 anataka siku tano hadi sita, basi wa karamu ya Jumamosi atolewe Jumapili au Jumatatu. Friji ya nyumbani haimtoshi. Tumia kasha kubwa la kupozea, barafu chini na juu, mfungue kizibo cha chini kila asubuhi maji yatoke, muongeze barafu. Kamwe asiachwe sinki au gereji usiku kucha: nje analainika huku katikati bado ni jiwe, na ile sehemu ya nje ndiyo itakayowaharishia wageni.