Chupa ya jikoni: pombe kali zipi ununue kwa keki na pai za "siku za vyakula" Marekani

Wamarekani hawakosi siku ya kula. Tarehe 14 Machi ni Siku ya Pai, kwa kuwa wao huanza kuandika mwezi, na 3/14 inafanana na 3.14, ile namba ya duara tuliyoikariri shuleni, ambayo jina lake kwa Kiingereza hutamkwa sawa na pai ya kula. Mwanafizikia Larry Shaw ndiye aliyeianzisha mwaka 1988 kwenye makumbusho ya Exploratorium, San Francisco. Ijumaa ya kwanza ya Juni ni ya donati: Jeshi la Wokovu liliianza Chicago mwaka 1938, kuwaenzi wanawake waliowakaangia askari donati wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kisha kuna pai ya pekani (aina ya kokwa) 12 Julai, ramu 16 Agosti, keki ya Bundt, ile yenye tundu katikati, 15 Novemba na keki ya matunda 27 Desemba. Hakuna hata moja unayopewa mapumziko kazini. Lakini ni kisingizio kizuri cha kuwasha oveni na kuita watu, na sisi tuliokulia kwenye kualikana chai hatuhitaji kusukumwa sana.

Shida huanza dukani. Resipe inasema vijiko viwili vya ramu, rafu imejaa mpaka juu, na unatoka na chupa ya dola 40 itakayokaa kabatini hadi mwakani. Hapa nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: ipi bado inasikika mdomoni baada ya keki kutoka motoni. Ulaini wa kooni na miaka ndani ya pipa ni mambo ya kwenye glasi. Oveni haiyajui.

1. Ramu nyeusi

Ukiambiwa ununue chupa moja kwa mwaka mzima, nunua hii. Ramu hutokana na miwa, mara nyingi molasi, na ile nyeusi ina harufu ya sukari iliyoungua kidogo inayoelewana na karibu kila kitu tunachopenda kuokea: nazi, ndizi mbivu, iliki, mdalasini, tangawizi. Myers's ya Jamaika na Gosling's Black Seal ya Bermuda zote ni 40%. Mimi huchukua Myers's, maana ni nzito na bei yake haiumi. Ramu nyeupe hupotelea kwenye keki, usihangaike nayo. Zile za viungo kama Captain Morgan zimeshatiwa vanila na utamu kiwandani, kwa hiyo mpishi mwingine amekuamulia. Tia iliki yako mwenyewe.

Kuhusu kiasi: keki ya ramu ambayo Wamarekani wengi huipika huchukua nusu kikombe kwenye mchanganyiko na nusu kikombe kwenye shira ya siagi na sukari, yaani takriban mililita 240. Chupa ya mililita 375 inatosha, na inayobaki ni ya kuloweka zabibu kavu za keki ya Desemba. Toboa keki ingali ya moto kwa kijiti cha mshikaki, imwagie shira polepole kwa awamu, kisha iache ilale. Ukiikata siku hiyohiyo utakuwa umejinyima, kwa sababu utamu wake unakuja kesho yake.

2. Wiski ya bourbon

Kwa sheria ya Marekani, bourbon lazima itokane na nafaka ambazo angalau 51% ni mahindi, na ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Pipa hilo ndilo linaloipa harufu ya vanila na karameli, na ndiyo maana kwenye pai ya pekani haina mpinzani. Sisi wa Texas tuna sababu ya ziada: mpekani ni mti rasmi wa jimbo tangu 1919, na pai yake imekuwa pai rasmi tangu 2013. Evan Williams ya kibandiko cheusi, 43%, mara nyingi hupatikana chini ya dola 20 na inatosha kabisa. Maker's Mark nunua ikiwa wageni nao watamiminiwa. Kwenye pai, vijiko viwili vya mezani, basi.

3. Pombe tamu ya kahawa

Kahlúa ya Mexico, inayotengenezwa tangu 1936, ndiyo inayojulikana zaidi. Kahawa huinua kakao, hivyo mahali pake ni keki ya chokoleti, hasa ile ya Bundt. Keki hizo zilipata umaarufu baada ya Ella Helfrich wa hapa Houston kushika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kuoka ya kampuni ya unga ya Pillsbury mwaka 1966. Baada ya hapo kila nyumba ilitaka chombo cha kuokea keki hiyo cha kampuni ya Nordic Ware. Mbona basi naiweka ya tatu? Kwa sababu kahawa nzito ya Kilimanjaro au ya Nyeri, ukiichanganya na kijiko cha ile ramu yako, inafika karibu kabisa na hapo.

4. Vodka

Haina harufu, na bado ina kazi mbili. Ya kwanza ni unga wa pai: sehemu ya maji ibadilishe kwa vodka baridi. Unga ukikutana na maji na kukandwa hujenga gluteni, yaani nyuzi za protini zinazovutika, na ganda linakuwa gumu. Pombe iliyo kwenye vodka hulowesha bila kuijenga. Ya pili ni vanila ya nyumbani. Pasua maganda ya vanila, ya Uganda ni mazuri na huku yanapatikana, yazamishe kwenye vodka na ufiche chupa gizani kwa miezi kadhaa. Vodka ya bei ya chini kabisa inafaa kwa kazi zote mbili.

5. Pombe za krimu

Amarula, inayotokana na tunda la mng'ongo la Afrika Kusini, na Baileys. Zote ni 17%. Usizioke. Zichape pamoja na krimu ya kupamba juu ya keki, au umiminie matone juu ya aiskrimu iliyolala pembeni ya donati. Ikishafunguliwa haikai miaka kama ramu.

6. Za machungwa

Cointreau na Grand Marnier ni nzuri, 40% zote, lakini ni ghali kwa kijiko kimoja. Ganda la chungwa likikunwa linafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Triple sec, jina la jumla la pombe tamu za machungwa, zile za bei ya chini ni sukari tupu.

Kabla hujamkatia mgeni kipande

Watu husema pombe yote huruka motoni. Si kweli. Kwa jedwali la wizara ya kilimo ya Marekani, chakula kilichochanganywa na pombe kikaokwa nusu saa hubaki na 35% ya pombe iliyotiwa, na cha saa nzima hubaki na 25%. Isiyopashwa moto ikalala usiku kucha hubaki na 70%. Kwa hiyo Mwislamu, mlokole, mama mjamzito na wazazi wa watoto waambiwe kabla ya sahani kufika mkononi. Na usidhani arki ya vanila ni salama kwao: sheria ya huku inataka iwe na pombe isiyopungua 35%. Kwa meza yao tafuta ya unga au iliyoandikwa haina pombe, na uokee kwenye chombo kingine.

Kununua kwenyewe

Kama unajaribu tu, chukua chupa ndogo za mililita 50, kila moja ina vijiko vitatu vya mezani na kidogo. Umri ni miaka 21, na kitambulisho utaulizwa hata ukiwa na mvi. Pennsylvania pombe kali huuzwa zaidi kwenye maduka ya serikali ya jimbo. Texas maduka ya pombe kali hufungwa Jumapili, na mwaka 2026 siku za pekani, ramu, Bundt na keki ya matunda zote nne zinaangukia Jumapili. Nenda Jumamosi, kabla ya saa tatu usiku.