Chujio la maji la kununua Mbeya na Iringa: la kwanza, la pili na la kuacha dukani

Muuzaji atakuhesabia hatua: hili la hatua tano, lile la saba. Hesabu hiyo mwachie. Kinachofanya kazi kubwa ni utando, ile ngozi nyembamba ya ndani inayochuja maji, nao hutegemea presha na joto la maji.

1. UF (ultrafiltration), chujio la nyuzi zenye matundu madogo sana. Kwa maji ya bomba, chemchemi au mto, anzia hapa. Matundu yake ni kama mikroni 0.01, hivyo hunasa bakteria na vimelea, ila chumvi na floridi hupita. Halitaki umeme, ndoo ikiwekwa mita moja juu yake inatosha. Chagua linalooshwa kwa kusukuma maji kinyume. Mvua zikianza Novemba maji huja na tope: yaache yatuame usiku kucha, au tanguliza chujio la mikroni 5, na uoshe utando kila siku.

Makete, Njombe na kandokando ya Kitulo, lisilale nje msimu wa baridi. Maji yakiganda ndani, nyuzi za utando hupasuka. Ubaya ni kwamba maji yataendelea kutoka meupe, tena kwa kasi, huku vimelea vikipita. Likishaganda, nunua jingine.

2. RO (reverse osmosis) yenye pampu, yaani maji husukumwa kwa presha kupita kwenye utando unaozuia chumvi. Hii ni ya kisima chenye maji ya chumvi. Pima kwanza: TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) ikiwa chini ya miligramu 500 kwa lita, kwa ajili ya ladha huna haja nayo. Floridi haionekani kwenye kipimo hicho. Peleka sampuli maabara.

RO hutaka presha ya bar 3 au zaidi, wakati simtank juu ya mnara wa mita 6 hutoa bar 0.6 tu. Utando wa galoni 50 hutoa lita 190 kwa siku maji yakiwa na nyuzijoto 25. Kila nyuzi moja ikishuka, unapoteza karibu asilimia 3. Kwa maji ya nyuzi 15 utapata lita 135 hivi. Wengi hudhani umeziba, wakanunua mwingine bure. Chukua wa galoni 75 tangu mwanzo. Chujio la mkaa lililo mbele yake libadilishwe kwa wakati, maana klorini ya bomba huuharibu utando moja kwa moja.

3. RO bila pampu. Iache. Kwa presha ndogo, maji mengi huishia kwenye bomba la taka na chumvi hubaki kwenye maji ya kunywa.

Kabla ya kulipa, fungua nyumba ya utando: saizi 1812 au 2012 hupatikana kwa watengenezaji wengi. Umbo la kampuni moja tu litakufunga kwa muuzaji huyohuyo.