Mabuti ya kutembelea hifadhi: miaka sita nayo, nayasifu na nayalaumu

Buti la kulia lilianza kucheka kwenye kilomita ya saba. Mwanzoni nilidhani nimekanyaga tope tu manake mguu ulikuwa unafanya chwap chwap, kuinama hivi naona soli imeachama kuanzia kidoleni mpaka katikati, na ule mpira laini wa katikati unamomonyoka kama mkate mkavu, ukiugusa unabaki unga mkononi. Na hapo ndo niko ndani kabisa ya msitu, geti kilomita saba nyuma. Nikalifunga na kamba niliyoitoa kwenye begi, nikapiga hatua kama mia mbili hivi, la kushoto nalo likaachia.

Kilichoniuma ni kwamba mabuti yenyewe yalikuwa yanang'aa. Niliyanunua miaka sita iliyopita, miaka miwili ya kwanza nikayatembelea kweli kweli, kila wikiendi niko kwenye bustani fulani au hifadhi fulani, halafu maisha yakabana nikayasafisha vizuri, nikayatia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga, nikayaweka kabatini miaka mitatu. Nilijiona mtu mtunzaji, kumbe ndo nilikuwa nayaua. Ile sehemu ya katikati ya soli, inayomeza mshtuko unapokanyaga jiwe, kwenye mabuti mengi imetengenezwa kwa poliyurethani, na poliyurethani inavunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewani, haihitaji hata kuloweshwa. Joto likiongezeka, na unyevu ukafungiwa kwenye plastiki, kazi inaenda mbio zaidi. Kiatu kinachovaliwa mara kwa mara kinapona zaidi kwa sababu kila unapokanyaga ule unyevu unakamuliwa nje. Yaani kiatu kinakufa kwa kupumzishwa! Mabuti yenye soli ya katikati ya EVA (povu jepesi la plastiki) hayana ugonjwa huu, yenyewe yanabonyea tu taratibu mpaka yanakuwa magumu chini ya unyayo, kwa hiyo kama wewe ni wa kutembelea pori mara mbili kwa mwaka uliza dukani ni ipi kati ya hizo mbili kabla hujauliza rangi.

Kampuni siitaji, sio lengo langu, na hili tatizo ni la wengi. Fundi alichana soli nzima akaweka nyingine, akapiga gundi akashona na pembeni, na mwaka huu wote nimetembea nayo bila shida. Sasa twende kwenye kiatu chenyewe.

Soli ya chini, ile ya mpira mgumu yenye meno, sina neno nayo, hata ile ya kwanza ilikuwa safi, kilichoachia ni cha juu yake. Kwenye mteremko wenye majani makavu juu ya udongo laini inashika, kwenye mwamba mkavu inashika, kwenye mwamba wenye ukoko wa kijani hakuna kitu kinachoshika, usidanganywe na muuzaji. Hayo meno yana historia kidogo ya huzuni: mwaka 1935 wapanda mlima sita walikufa kwenye milima ya Alps ya Italia, viatu vyao havikufaa kwa ile hali, na mwenzao Vitale Bramani akaanza kutafuta soli bora, 1937 akatoa ya mpira yenye meno, ndo ile Vibram unayoona nembo yake ya njano chini ya viatu vingi mpaka leo.

Sasa huu utando usiopitisha maji ulioshonewa ndani ya buti, ambao ndo ulinifanya nitoe hela ya ziada. Wazo lake ni zuri, mvumbuzi Mmarekani Bob Gore mwaka 1969 alivuta plastiki ile inayopakwa kwenye vikaango akaipata imetanuka na kujaa vitundu vidogo mno, tone la maji halipiti lakini mvuke wa jasho unapita. Asubuhi kwenye nyasi zenye umande nakiri unafanya kazi, wenzangu soksi zinakamulika mimi mkavu. Ila jamani, buti lina shimo kubwa juu, pale unapoingiza mguu! Nilivuka kijito, maji yakazidi kifundo kidogo tu, yakaingia kwa juu, na kwa vile utando hautoi maji basi nikatembea na bwawa langu mwenyewe mpaka jioni. Wenzangu waliovaa raba nyepesi za wavu zilikauka miguuni baada ya muda mfupi, yangu yalichukua siku mbili na magazeti yakiwa yamesokotwa ndani nabadilisha kila baada ya masaa. Na usiyaweke karibu na moto kuharakisha, gundi inalegea na ngozi inapasuka. Siku ya jua kali ndo kabisa, mvuke unashindwa kutoka kwa kasi ya jasho, unavua soksi unakuta vidole vimejikunja kama vya mtu aliyefua nguo kutwa. Kwa hiyo utando naupa nusu ya maksi, unafaa kwa baridi, umande na tope, basi.

Tope lakini nalipa pointi yake. Watu wengi wakifika kwenye dimbwi katikati ya njia wanazunguka pembeni ili wasichafuke, kesho wengine wanazunguka pembeni zaidi, ukirudi baada ya msimu kijia kimekuwa kipana kama barabara ya gari na mimea ya pembeni imekanyagwa yote. Mabuti haya yananifanya nipite katikati ya tope bila kufikiria, na hiyo kwa mtu anayependa sehemu anazotembelea ni sababu tosha ya kuvaa buti.

Upande mwingine wa meno marefu ni kwamba yanabeba udongo na mbegu. New Zealand kuna miti ya kauri, mingine imeishi zaidi ya miaka elfu moja, inauawa na kimelea cha kwenye udongo kinachoshambulia mizizi, na kinasafiri kwenye viatu vya watu kama mimi na wewe, mpaka wameweka vituo vya kusugulia viatu na kupulizia dawa mwanzoni mwa njia, na njia nyingine wamezifunga. Toka nisome hilo nina mswaki wa zamani kwenye begi, nachokonoa meno ya soli kabla sijaondoka hifadhini. Kazi inachosha kusema ukweli, na soli hii mpya ina kona nyembamba ambazo mswaki haufiki, natumia kijiti.

Saizi. Hapa kosa lilikuwa langu, nilijaribu asubuhi nikiwa na soksi nyembamba, nikachukua saizi yangu ya kila siku. Miguu inavimba ukitembea, na kwenye kuteremka vidole vinasukumwa mbele, nikapoteza kucha mbili za vidole gumba, zilikuwa nyeusi kwanza halafu zikaondoka zenyewe bafuni. Jaribu jioni, vaa soksi utakazotembelea nazo (za sufu, pamba ikilowa inakaa na maji na malengelenge ndo yanaanzia hapo), simama kwenye kitu kilichoinama kama kuna ubao, piga kidole mbele, kikigusa ongeza. Sasa hivi naokoa kwa kamba: tundu la mwisho juu natengeneza kitanzi kila upande, napitisha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, navuta, kisigino kinakaa palepale hakipandi hakishuki. Hii peke yake ilimaliza malengelenge ya kisigino.

Uzito nao, kuna msemo wa watembeaji kwamba kilo moja mguuni ni kama kilo tano mgongoni, na mabuti yangu mazito kweli, nikifika saa ya tano ya kutembea naanza kujikwaa kwenye mizizi ambayo asubuhi nilikuwa naruka. Kwenye Appalachian Trail, njia ndefu ya watembeaji kule Marekani, kilomita kama 3,500, siku hizi wengi wanaitembea na raba za kukimbilia porini sio mabuti. Kama wewe unaenda bustani ya mjini yenye njia ya kokoto na mabenchi basi usijisumbue kabisa, raba yako inatosha.

Ningenunua tena? Buti la aina hii ndiyo, lenye utando hapana, na lingekuwa kubwa nusu saizi. Hivi sasa ninavyoandika yako mlangoni, hayana mfuko, la kushoto lina jani limenasa kwenye jino la kisigino, itabidi nitafute kijiti.