Uzoefu wangu: Subaru WRX ya mkononi yenye turbo iliyokufa

Wadau mnaoulizia hizi Impreza WRX za mkononi zinazouzwa bei chee eti "turbo ina shida kidogo" (turbo ni ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada), mimi nilinunua moja hapa Dar na bado ninayo, naandika nilichokiona. Yangu ni ya 2004, namba C, gia za mkono, injini EJ205 ya lita mbili. Muuzaji alianzia milioni 11 tukamalizana kwa 8 na nusu, moshi wa bluu, yaani inachoma oili, unaonekana mchana kweupe. Kuagiza nyingine Japani sikutaka hata kupiga hesabu, gari ya umri ule TRA wanaweka ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine.

Turbo kufa siyo kesi. KESI NI IMEUAWA NA NINI. Ile kitu inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na shafti yake inaelea juu ya oili tu, sasa oili ikiwa chafu au ikichelewa kufika inakwisha, na oili hiyo hiyo ndo inayolinda bearingi za chini za injini, kwa hiyo unaweza ukalipa ukijua unabadilisha turbo kumbe huku chini kumeshaliwa na wiki mbili mbele injini imenoki, hapo umenunua bodi na siti. Mtu akikuambia "ni turbo tu" muulize oili ilimwagwa lini mara ya mwisho, halafu msikilize anavyojibu.

Mimi nilimwomba muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Fundi akasikiliza ikiwaka ya baridi, hakuna kugonga. Tukafungua intakula, kile kipoza hewa ya turbo kinachokaa chini ya tundu la boneti, ndani oili imetuama kabisa, maana yake sili za turbo zimekwisha. Tukaiacha iungurume kidogo bila kukanyaga mafuta kisha tukakanyaga, moshi ukatoka wingu moja halafu ukapungua. Ingekuwa ringi za pistoni moshi ungeongezeka kadri unavyoikamua. Rejeta haikuwa na mapovu wala maji hayakuwa na oili, kwa hiyo gasketi ya hedi nzima. Bado sikuridhika, nikataka kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa, ipimwe silinda zote nne. Mafundi wengi wanaruka hiki kipimo kwenye Subaru kwa sababu injini ni boksa, pistoni zimelala na plagi ziko ubavuni, mpaka utoe betri na boksi la hewa ndo mkono uingie. Pimeni hivyo hivyo! Silinda zikikaribiana ni vizuri, moja ikiwa chini sana kuliko wenzake ondoka hata ukipunguziwa milioni mbili. Mwisho tukamwaga oili na kupasua filta kuangalia kama kuna chenga za chuma zinazong'aa. Hazikuwepo. Hela nikatoa hapo.

Matengenezo sasa. Turbo ya TD04 nilipata Ilala ya mtumba kwa laki 5 na nusu, fundi aliishika shafti akaichezesha kwanza, ikicheza kidogo pembeni ni kawaida ila ikiingia na kutoka usichukue. Wengi wanafunga turbo nyingine juu ya paipu ile ile ya oili iliyojaa masizi halafu wanalalamika imekufa tena. Paipu nilinunua mpya, intakula na hozi zake tukaziosha kwa petroli mpaka inatoka safi, na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, tukaishusha kuangalia ule mrija unaonyonya oili maana hizi EJ mrija huwa unapata ufa, pampu inanyonya hewa na injini inakufa bila wewe kujua. Taimingi belti nikabadilisha pamoja na tensheni na wota pampu bila kubishana na mtu, hiyo ikikatika valvu zinakutana na pistoni.

Kuna kitu vijana mtanichukia. Ile valvu ya kupiga pshhh ukiachia mafuta, mwenye gari wa kwanza alikuwa ameiweka, nikaitoa nikarudisha ya kiwandani. Kompyuta ya hii gari inapima hewa mwanzoni kabisa na kutoa petroli kulingana na hewa hiyo, ukiimwaga nje petroli inabaki nyingi, ndo maana zinakohoa kila ukibadili gia na plagi zinakuwa nyeusi. Gari ikatulia siku ile ile.

Jumla yote na kazi ya fundi ni milioni 2 na ushee. Mafuta kwenye foleni ya Mwenge inakupa kilomita 7 kwa lita, mwenye roho ndogo achukue Vitz. Oili namwaga kila kilomita 5,000, dipstiki naangalia kila wikiendi, na nikitoka mwendo mkali siizimi palepale, naiacha inguruma dakika moja turbo ipoe. Matairi lazima yote manne yawe saizi moja na yamelika sawa, hii inavuta miguu yote.

Ila jamani hii gari! Chalinze kwenda Morogoro uko nyuma ya malori matatu, njia nyeupe, unashusha gia ya tatu, injini ikifika arpiemu elfu tatu (mizunguko kwa dakika) turbo inaamka unasukumwa kwenye siti, na ule mngurumo wa boksa, umeshapita yote na kurudi upande wako kabla hujamaliza pumzi. Hii ndo familia ya gari aliyochukulia Petter Solberg ubingwa wa dunia wa rally 2003, na unaisikia barabarani kabisa.

Kilichobaki ni giaboksi, gia ya tatu inasugua ukiiharakisha, na hizi za gia tano zinajulikana kuwa dhaifu ukiziondoa kwa fujo. Nimeshaona nyingine Ilala, wanataka laki 9, nangoja wafike 7.