Peni za mbao zing'ae kama kioo: ununue nini kwanza, nini uache dukani

Kabla hujaenda hadiwea kuulizia vanishi jiulize kwanza hiyo peni atakayeishika ni nani, manake peni sio stuli, inashikwa siku nzima na vidole vyenye jasho na siku hizi na sanitaiza juu, kwa hiyo kitu kinachong'arisha meza safi kabisa kwenye peni kinaweza kufifia mapema sana. Hizi finishi, yaani vitu vya kupaka juu ya mbao ing'ae, nimezipanga kuanzia ile ningekwambia ununue leo.

Ila hela ya kwanza iende kwenye msasa. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi wanarukia chupa, wakati finishi ya kung'aa haifichi kitu, mkwaruzo ulioachwa na msasa namba 150, ule wa kukwaruza zaidi, utauona vizuri zaidi ukishapaka. Nunua 150, 240, 320, 400 na 600, na kila unapomaliza namba simamisha mashine ya kukereza (ile inayoizungusha peni), piga msasa kufuata urefu wa mbao, futa vumbi, ndo uende namba inayofuata. Halafu pitia duka la rangi za magari uchukue msasa wa maji 1000, 1500 na 2000, huo ni wa kusugua finishi yenyewe.

1. Supa gluu ile nyepesi kama maji
Kwa peni ya kazi sijaona ya kuishinda. Inakauka kwa unyevu wa hewani, ndo maana pwani inashika upesi kuliko bara kwenye hewa kavu, na ikikauka inakuwa ganda gumu la plastiki ambalo jasho haliliwezi. Mashine iende taratibu, matone machache kwenye tishu iliyokunjwa, pitisha mara moja, subiri ikauke, rudia mpaka koti (yaani tabaka) nane au kumi nyembamba. Usitumie kitambaa wala glavu za pamba! Supa gluu ikikutana na pamba inapata moto ghafla, inatoa moshi na inaunguza vidole. Vaa miwani, fungua madirisha. Ile dawa ya kuikausha haraka ipulizie kidogo sana, ukizidisha inatoa povu jeupe ndani ya koti na hapo itabidi uparue uanze upya. Kama mbao ni ya mafuta mafuta kama mpingo, ifute kwanza na asetoni. Pia paka gluu kwenye ncha zote mbili kabla ya kutumia msasa wa maji, maji yakipenya pale mbao inavimba na finishi inaachia. Malizia na kompaundi ya kung'arishia magari. Na nunua chupa ndogo ndogo, kubwa ukishaifungua inaanza kuwa nzito kabla hujaimaliza.

2. Sending sila na klia ya mafundi fanicha
Sila ni ya kuziba vinyweleo vya mbao, klia ni ile isiyo na rangi inayopakwa juu yake. Inapatikana kirahisi, inakauka haraka na inaipa mninga rangi nzuri ya joto, kwa macho tu mimi naipenda kuliko gluu. Koti nyembamba nyingi, thina ya kutosha, halafu uwe na subira ya wiki nzima kabla hujamkabidhi mteja manake kwa juu inaonekana imekauka ila ndani bado laini. Msimu wa mvua inaweka ukungu mweupe, basi siku za unyevu acha. Harufu kali na inashika moto haraka, pasiwe na jiko wala sigara karibu.

3. Vanishi ya poliyurethani
Ngumu, inadumu, lakini mara nyingi unasubiri mpaka kesho yake ndo upake koti nyingine na vumbi lote la karakana linakuja kutua juu yake. Kama una kabati la kukaushia, sawa.

4. Shelaki
Hii ni finishi ya utomvu wa wadudu, dakika chache tu kwenye mashine na peni inawaka, ndo maana inauzika sana mnadani. Shida ni kwamba shelaki inayeyuka kwenye spiriti, na sanitaiza nyingi ni spiriti hiyo hiyo, kwa hiyo peni ya nesi au ya keshia usiipake kabisa. Ya zawadi inayokaa kwenye boksi, poa.

5. Mafuta au nta peke yake
Inapendeza mkononi ila mng'ao wa kioo hupati, na kiwi nyeusi ikipata joto la mkono inaachia rangi vidoleni na kwenye shati la mteja.

Isipokuwa mpingo. Ule ni mzito mpaka unazama majini, vinyweleo vyake vidogo mno, ukiupandisha msasa hadi 2000 na kuusugua na kompaundi unang'aa wenyewe bila koti yoyote, nta kidogo ya nyuki inatosha, na ukifubaa baada ya miezi mwenye peni anausugua tena na kitambaa na nta hapo hapo mezani kwake.