Picha ya yule dada wa bluu: kabla hujalipia, tafuta futi kamba

Mwezi wa kwanza giza la huku Oslo lilinichosha nikasema ngoja na mimi nipendezeshe sebule, nikaoda onlaini nakala ya ile picha ya mchoraji wa Norwe Harriet Backer, Blått interiør (chumba cha bluu), mi naiita tu dada wa bluu. Krone 890, kanvasi, sentimita 60 kwa 90. Ikafika, nikaifungua, naiangalia, naiangalia tena, mbona kama kuna kitu hakipo? Dada anashona vilevile, bluu yake ipo, ila chumba kimebana utadhani kakaa ndani ya lifti. Nikaingia saiti ya Nasjonalmuseet, makumbusho ya taifa ya huku, kulinganisha na yenyewe. Wamemkata pembeni! Ule upande unaoingilia mwanga kimebaki kijipande, na picha nzima ni huo mwanga, bila huo una mtu tu anashona.

Kwa hiyo leo siongelei rangi ya ukuta wala kumechisha na sofa, macho mnayo. Naongelea kukatwa, maana hakuna anayewaambia.

Iko hivi. Picha yenyewe ni sentimita 84 kwa 66. Ukiivuta ifike urefu wa 90, upana wake unatakiwa uwe kama 71. Wao wana fremu ya 60. Hizo 11 zinaenda wapi? Zinatupwa. Halafu kanvasi inakunjwa kwenye mbao za nyuma, kwa hiyo sentimita nyingine tatu nne kila upande zinaishia ubavuni huko, unazisoma ukiwa umeegemea ukuta. Na mtandaoni wanakuonyesha picha nzima, imetulia juu ya kochi la rangi ya beji na kimmea pembeni.

Sasa mpangilio wangu wa picha za kutundika nyumbani.

Namba moja ni dada wa bluu huyohuyo, ila kwa 40 kwa 50, hapo anaingia karibu wote, unachopoteza hakifiki hata sentimita moja. Backer aliichora Paris mwaka 1883, na aliyekaa pale kwenye kiti ni Asta Nørregaard, naye mchoraji, yaani mchoraji kakaa achorwe na mchoraji mwenzie wala hajajipodoa, kainamia kazi yake. Ndo maana naipenda sebuleni. Watu wanaingia, wanaongea, watoto wanapiga kelele, yeye hana habari na mtu. Wageni wangu wengi hukaa dakika kadhaa ndo waulize huyu nani.

Namba mbili, Inger wa Edvard Munch, mchoraji mwingine wa Norwe, ile ya 1892 mwenye gauni jeusi na zambarau, dada yake Munch wa damu kabisa. 172.5 kwa 122.5, na kwa bahati tu inalala kwenye fremu ya 50 kwa 70 kama ilipimwa na fundi. Kwa kukatwa basi hii ndo salama kuliko zote, ila kasimama wima, mikono kaishika mbele, hatabasamu, na mgeni akikaa chini yake anavuta sketi. Weka ofisini.

Namba tatu, Syk pike ya Christian Krohg, naye mchoraji wa Norwe, 1881. Mtoto mgonjwa, blanketi, ua la waridi linapukutika mkononi. Krohg alifiwa na dada yake kwa kifua kikuu, na inaonekana. Mi siwezi kulala nayo chumba kimoja ila wapo wanaoweza. Hii ni ndefu, 102 kwa 58, kwa hiyo ukiiweka kwenye 50 kwa 70 wanakata karibu sentimita 18 juu na chini. Mdau mmoja wa Bergen kaniambia yake imekuja bila waridi, sasa hapo umenunua nini?

Za bei chee, zile poster za karatasi laini, sawa, weka korido.

Na mi sijifichi, napendelea karatasi ya Hahnemühle, ile Photo Rag ya gramu 308, pamba tupu, haing'ai, taa ikiwaka huoni balbu yako juu ya uso wa mtu. Faili unalipakua bure palepale kwenye saiti ya makumbusho, unapeleka kwa mtu wa kuprinti, unamwambia kwa maandishi ACHA UKINGO MWEUPE USIKATE. Mi ilinitoka 600 na kitu, fremu humohumo.

Maana tuambiane ukweli, Krohg kafariki 1925, Backer 1932, Munch 1944, miaka 70 ya hakimiliki baada ya kifo ishapita, hao wauzaji hawamlipi mtu yeyote hata senti kwa hizo picha, halafu wanakuchaji 890 na bado wanakukatia. Nikaandika nirudishe, si huku Norwe ukinunua onlaini una siku 14 za kughairi? Wakajibu haraka sana, kwa heshima zote, kwamba bidhaa iliyotengenezwa kwa matakwa ya mteja hairudishwi. Matakwa yangu ni yapi? Nilichagua saizi kwenye menyu. Zilikuwa nne, na hakuna hata moja iliyomtosha yule dada.